Daftari la Lita

Asubuhi hii kipimajoto kimesoma thelathini na nne
chini ya sifuri, na dizeli ya Tauno
imeganda ndani ya chujio kama uji uliolala.
Jana usiku nilisahau kuchomeka waya wa hita,
na gari hili halisamehe usahaulifu:
linakohoa mara mbili, linanuna, basi.

Joona alikuja Krismasi kutoka Tampere na haibridi yake,
kimya kama paka anayetoka kuiba maziwa.
"Mama, sikiliza," akaniambia. Nikasikiliza.
Hakukuwa na cha kusikiliza.
Akanionyesha kioo, mishale ya kijani ikizunguka:
breki inailisha betri, betri inalilisha gurudumu,
kila mteremko unakurudishia chenji.
Nikamuuliza, baridi ikibana je?
Akatazama pembeni.
Baridi ikibana, injini ya petroli haipumziki,
betri inajikunyata kama kuku aliyenyeshewa,
na zile lita nne alizotamba nazo zinakuwa sita.
Sita ndizo anywazo mzee wa baba yake.
Sikusema kitu.
Nilisema.

Wifi yangu Oili, mwenye ng'ombe themanini ng'ambo ya ziwa,
anaendesha gari kwa mavi.
Ndiyo, mavi: shimo, bomba, gesi,
na tabasamu la mtu ambaye sheli yake inacheua.
Ila pampu ni moja, uani kwake,
na akitoka mbali na zizi huhesabu kilomita
kama mgonjwa anayehesabu vidonge vya mwisho.

Mimi nilikuwa wa dizeli.
Dizeli ilibeba kuni, ikabeba jeneza la mama mkwe,
mbwa watatu kwa zamu, na Joona mwenyewe
usiku ule alipokataa kuingojea hospitali.
Punda wa kazi. Unamtwika, anakwenda.
Na masizi yake juu ya theluji, nyuma ya bomba,
doa jeusi kila asubuhi mahali palepale,
ambalo Tauno alilifukia kwa koleo
haraka haraka, majirani wasijeamka.
Nilimwona dirishani. Hakujua.

Leo, nikisubiri mashine ya kukaushia nywele iyeyushe chujio
(usicheke, ni dakika arobaini),
nikafungua kisanduku cha mbele kutafuta glavu.
Daftari. Tangu tisini na nane:
tarehe, lita, kilomita, bei,
hati ya mtu anayepiga hesabu akiwa amesimama.
Daftari nalijua. Mwisho wake sikuwahi kuufikia.

Ukurasa wa mwisho hauna lita.
Una bei ya haibridi. Bei ya kuliuza hili,
ameiandika, akaikata, akaandika ndogo zaidi.
Mafuta ya mwaka. Toa. Gawanya.
Jibu amelizungushia duara: miaka kumi na moja
ndipo fedha irudi.
Pembeni, kwa penseli: *Sina.*

Tarehe ni ya wiki ile ya majibu ya hospitali,
wiki aliyorudi akaniambia ni mafua tu,
kisha akatoka kuangalia oili.

Chini yake, kwa wino, siku nyingine:
*Vieno anayo.*

Mashine ikaendelea kupuliza.
Hewa ya moto, harufu ya nywele zangu na ya mafuta.
Kisha uji ukalegea, gari likawaka kwa hasira,
likatema doa lake.
Nikachukua koleo, nikasimama nalo.
Majirani walikuwa wameshaamka.

Joona sijampigia. Bado napiga hesabu.
Yeye kaandika kumi na moja, mimi nina sabini na mbili,
na Tauno, namjua, kwenye kukadiria
siku zote aliipendelea dizeli.